Kampuni Haina Moyo, Ina Bodi: Mwongozo wa Kupanga Misaada ya Kampuni kwa Jamii

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo huo unamfaa mtu. Kampuni haina moyo. Ina bodi, ina wanahisa, ina mhasibu anayetaka risiti. Mkurugenzi mwenye huruma anapotoa fedha za kampuni anatoa mali ya watu wengine, na watu hao wana haki ya kumuuliza kwa nini. Ndiyo maana ukarimu wa kampuni unadai utaratibu ambao ukarimu wa jirani kwa jirani haudai.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kazi hiyo. Pengine ni ofisa uhusiano, pengine mtu wa utumishi aliyeongezewa jukumu Ijumaa jioni, pengine mwenye kampuni ya watu kumi na wawili anayetaka kuanza vizuri. Hatua zimepangwa kwa mfuatano ninaoupendekeza, ingawa ya kwanza na ya mwisho ndizo watu huziruka zaidi.

Hatua ya 1: Tenganisha deni na zawadi

Kabla ya bajeti yoyote, andika kila kitu mnachodaiwa na watu mnaotaka kuwasaidia. Ardhi iliyochukuliwa, maji yaliyochafuliwa, malori yaliyobomoa barabara ya kijiji, mishahara iliyochelewa, mkulima ambaye ankara yake imelala mezani siku tisini. Hayo ni madeni, na deni halilipwi kwa sadaka. Kampuni iliyochafua mto kisha ikajenga zahanati kando yake na kuiita msaada haijatoa kitu. Imelipa sehemu ya deni na kudai shukrani juu yake.

Mfano mzito ni ule wa Bangladesh. Jengo la Rana Plaza liliporomoka Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji wa nguo zilizouzwa nchi za nje. Familia zao hazikulipwa kwa fidia ya kawaida ya kisheria kutoka kwa kampuni zilizonunua nguo hizo. Uliundwa mfuko wa wachangiaji chini ya uenyekiti wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambao kampuni zilichangia kwa hiari, bila mchango kuhesabiwa kuwa ni kukiri kosa. Lengo lilikuwa dola milioni 30, na lilitimia Juni 2015, zaidi ya miaka miwili baada ya msiba. Fidia ikipitishwa mlango wa hisani, aliyeumizwa anageuka mwombaji, na husubiri kama waombaji wanavyosubiri.

Kwa hiyo fungua vitabu viwili. Fidia na malipo ya wazabuni vikae kwa wanasheria na wahasibu, na bajeti ya misaada isiguswe kulipia hata shilingi moja ya madeni hayo. Ukiona madeni ni makubwa kuliko misaada mliyopanga, rudi kwa bodi useme hivyo. Ni mazungumzo magumu, lakini usipoyafanya, watu wa pale mnapokwenda na zawadi watawakumbusha wenyewe, tena mbele ya wageni.

Hatua ya 2: Jua kama mnaruhusiwa, na kama mnalazimishwa

Swali la kama kampuni ina haki ya kugawa fedha limekwenda mahakamani mara nyingi. Uingereza, mwaka 1883, katika kesi ya Hutton dhidi ya West Cork Railway, mahakama ilikataa bahasha za shukrani ambazo kampuni ya reli iliyokuwa inafungwa ilitaka kuwapa wakurugenzi na watumishi wake. Jaji Bowen alieleza kwamba sheria haikatazi keki na bia, ila keki na bia hizo sharti ziwe kwa manufaa ya kampuni. Marekani mambo yalifunguka mwaka 1953, kampuni ya A. P. Smith ya New Jersey, watengenezaji wa vali na mabomba ya zimamoto, ilipotoa dola 1,500 kwa Chuo Kikuu cha Princeton. Baadhi ya wanahisa walipinga, na mahakama ya juu ya jimbo ikasema mchango huo ni halali.

Tangu hapo nchi zimeachana njia. Nyingi huvutia kwa kodi: Marekani, kwa mfano, huweka ukomo wa kiasi cha mapato ambacho kampuni inaweza kukiombea nafuu ya kodi kwa sababu ya misaada, na kwa kawaida ukomo huo ni asilimia 10. Nchi chache hulazimisha. India, kwa kifungu cha 135 cha Sheria ya Makampuni ya 2013, inaitaka kampuni yenye thamani halisi ya rupia bilioni 5, au mauzo ya rupia bilioni 10, au faida halisi ya rupia milioni 50, itumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyopita kwa shughuli za kijamii. Shughuli za kuwanufaisha wafanyakazi wake peke yao hazihesabiwi, wala michango kwa vyama vya siasa. Mauritius nayo ina asilimia 2 yake. Indonesia, kwa sheria ya 2007, huzibana kampuni za maliasili.

Kazi yako katika hatua hii ni simu mbili, moja kwa mwanasheria na nyingine kwa mtaalamu wa kodi. Waulize maswali manne tu. Katiba ya kampuni inaruhusu? Kuna kiwango cha lazima? Mpokeaji awe amesajiliwa vipi ili nafuu ya kodi ipatikane? Fedha zikivuka mpaka wa nchi, nini kinabadilika? Hilo la mwisho ndilo huwatia watu matatani, kwa sababu nchi nyingi hutoa nafuu kwa taasisi zilizosajiliwa ndani ya nchi hizo tu.

Hatua ya 3: Toeni kile mnachokijua

Orodha ya mahitaji ya dunia haina mwisho. Orodha ya mambo ambayo kampuni yenu inayafanya vizuri kuliko wengine ni fupi sana. Anzia kwenye hiyo fupi.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Merck, kampuni ya dawa ya Marekani. Mwaka 1987 ilitangaza, chini ya mkurugenzi wake Roy Vagelos, kwamba itatoa bure dawa ya Mectizan dhidi ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito na kuishia kwenye upofu. Dawa ilikuwa ya kwao, viwanda vyao, wanasayansi wao. Waliokuwa wakiihitaji hawakuwa na uwezo wa kuinunua hata kwa bei ya chini. Ahadi ilikuwa ya kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Nitairudia ahadi hiyo huko mbele, maana ina mambo mengi ndani yake.

Kampuni ya usafirishaji ya DHL nayo ilitazama inachokijua. Baada ya maafa makubwa, ndege za misaada hutua kwa wingi katika uwanja mmoja na mizigo hurundikana mpaka njia ya ndege inaziba. Tangu 2005, kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa, imekuwa ikituma timu za wafanyakazi wake kupanga mizigo viwanjani, kisha mwaka 2009 ikaanzisha mafunzo ya kuandaa viwanja kabla maafa hayajatokea. Ericsson ina timu ya mawasiliano ya dharura tangu mwaka 2000. Hundi ya kampuni hizi ingeweza kuandikwa na yeyote. Mtu anayejua kupakua ndege kumi kwa usiku mmoja hapatikani kwa urahisi.

Kama nyinyi ni ofisi ya uhasibu, saidieni asasi ndogo ziwe na hesabu zinazokaguliwa. Kama mnauza programu za kompyuta, toeni leseni pamoja na mtu wa kufundisha. Na kama kweli hamna ujuzi unaofaa, toeni fedha taslimu bila aibu. Fedha ni msaada mzuri sana, kwa kuwa mpokeaji anaweza kuzigeuza kuwa kitu anachokihitaji.

Vitu ndivyo vya kuogopa. Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011, uliotazama vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Mashine iliyotolewa bila fundi, bila vipuri, bila kitabu cha maelezo katika lugha inayosomeka, na kwa umeme wa volti nyingine, ni kazi ya ziada mliyompelekea daktari: sasa inabidi atafute chumba cha kuifungia.

Hatua ya 4: Waulizeni wenyewe

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna mtu wa makao makuu anayejua kwa nini wasichana wa shule fulani hukosa masomo siku za soko. Mwalimu wa zamu anajua.

Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na pampu ya maji iliyopendwa sana na wafadhili. Ilikuwa bembea ya kuzunguka, watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Wazo lilipendeza kwenye picha, na mwaka 2006 lilipata ahadi za mamilioni ya dola kutoka serikali na wahisani wa Marekani. Tathmini zilizofuata zikaonyesha kilichotarajiwa na yeyote aliyewahi kuchota maji: watoto huchoka, huenda shule, hulala, na maji yanahitajika alfajiri. Waliobaki kuisukuma ile bembea walikuwa akina mama, na wengi waliona pampu ya mkono waliyokuwa nayo ilikuwa nyepesi zaidi.

Kwa hiyo nendeni, na mnapokwenda msitangulize ahadi. Ukifika na neno "tumekuja kusaidia", kila utakachoambiwa baada ya hapo kitalingana na anachodhani mtu kwamba unatoa. Afadhali uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho pampu ilipoharibika, nani aliitengeneza, na fedha zilitoka wapi? Msaada uliopita uko wapi sasa, tunaweza kwenda kuuona? Nani hahudhurii mikutano kama huu? Swali hilo la tatu hulipa kuliko yote. Wasiohudhuria mara nyingi ndio wenye shida yenyewe: wajane, wahamiaji, walemavu, vijana wasio na ardhi.

Kusikiliza si adabu tu. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi uliozinduliwa mwaka 1995 uliwaachia wanavijiji wachague wenyewe nani atagawa dawa na siku gani. Mizani ilikuwa adimu vijijini, hivyo dozi ilipimwa kwa urefu wa mtu: fimbo yenye alama, unasimama kando yake, mgawaji anasoma idadi ya vidonge. Fimbo ile ilimwezesha mtu asiye daktari kufanya kazi ya daktari bila kukosea, na ndiyo iliyofanya dawa ifike mahali ambapo gari halifiki.

Hatua ya 5: Panga fedha, na uhesabu zile zisizoonekana

Weka kanuni ya asilimia ya faida, iwe wastani wa miaka mitatu na si faida ya mwaka mmoja. Wahindi waliweka wastani huo kwenye sheria, na ni busara, kwa sababu mwaka mbaya wa biashara ndio mwaka ambao shule mliyoiahidi inahitaji mishahara ya walimu. Kiwango ni uamuzi wenu. Kampuni ya Dayton ya Minneapolis, iliyokuja kuzaa maduka ya Target, ilijiwekea asilimia 5 mwaka 1946. Mwaka 2002 Yvon Chouinard wa kampuni ya nguo ya Patagonia na mwenzake walianzisha umoja wa kampuni zinazotoa asilimia 1 ya mauzo kwa ajili ya mazingira. Angalia tofauti: ni ya mauzo, si ya faida, kwa hiyo hutolewa hata mwaka wa hasara. Salesforce, tangu kuanza kwake 1999, iliahidi asilimia moja ya hisa, moja ya bidhaa na moja ya muda wa wafanyakazi, na kwa kampuni changa isiyo na faida bado, hiyo ni njia inayofaa kuigwa.

Katika hesabu tenganisha mafungu manne: fedha taslimu, vitu, muda wa wafanyakazi uliolipwa, na gharama za kuusimamia mpango wenyewe. Mgawanyo huo unafuatwa na kampuni nyingi zilizojiunga na mfumo wa upimaji ulioanzia London mwaka 1994, na faida yake ni kuwazuia watu kuchanganya. Vitu vihesabiwe kwa gharama iliyowagharimu, si kwa bei ya dukani. Muda uhesabiwe pale tu ulipokuwa wa saa za kazi. Jumamosi ya mfanyakazi ni mali yake.

Kampeni za kuuza bidhaa kwa jina la msaada ziende kwenye bajeti ya masoko. American Express ilifanya hivyo mwaka 1983 kwa ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York: senti moja kila kadi inapotumika, dola moja kwa kila kadi mpya. Zilipatikana dola milioni 1.7 na matumizi ya kadi yakapanda kwa zaidi ya robo. Hakuna ubaya, kila mmoja alipata chake. Ila ni biashara, na mteja aambiwe wazi ni kiasi gani kinakwenda wapi, na kikomo ni kipi.

Neno moja kuhusu gharama za uendeshaji za mpokeaji. Wafadhili hupenda kulipia madawati na kukataa kulipia mhasibu, kodi ya pango, mafuta ya pikipiki. Kisha hushangaa ripoti zikichelewa. Lipieni mhasibu.

Hatua ya 6: Mchunguzeni mpokeaji, na anayewaomba

Cheti cha usajili, katiba, majina ya wajumbe wa bodi, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, akaunti ya benki yenye jina la taasisi na si la mtu. Hayo kila mtu anayajua. Kinachosahaulika ni swali la nani alileta ombi.

Mwaka 2004 Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliiadhibu kampuni ya dawa ya Schering-Plough kwa faini ya dola 500,000. Tawi lake la Poland lilikuwa limetoa michango kwa wakfu wa kukarabati ngome ya kale ya Chudów. Wakfu ulikuwa wa kweli, na ngome ilikarabatiwa kweli. Tatizo ni kwamba aliyeuongoza alikuwa pia mkuu wa mfuko wa afya wa mkoa, mtu mwenye sauti katika dawa zipi zinunuliwe. Ukarimu uliopita kwa mtu mwenye mamlaka juu ya biashara yenu unaitwa jina jingine, hata kama kila senti imejenga ukuta.

Basi kwa kila ombi jaza mstari mmoja: aliyeomba ni nani, na je, yeye au jamaa yake anaweza kutupa au kutunyima kibali, zabuni, leseni, ukaguzi? Jibu likiwa ndiyo, ombi liende kwa mwanasheria, na anayehusika na mauzo asiliguse. Mwaka wa uchaguzi ongeza tahadhari mara mbili, maana magunia ya chakula huwa na tabia ya kugawiwa na mgombea.

Dawa bora ya shinikizo ni kamati isiyo yenu. Merck iliunda jopo huru la wataalamu, likiongozwa na William Foege, aliyekuwa amepigana na ndui, nalo ndilo lililoidhinisha nani apewe dawa na kwa masharti gani. Kampuni ndogo haihitaji jopo la maprofesa. Watu watano wanatosha, wawili kutoka nje, mmoja wao akiwa anaishi mahali msaada unapokwenda.

Hatua ya 7: Andikeni kurasa mbili

Makubaliano marefu hayasomwi. Kurasa mbili ziseme nani anatoa nini, kwa awamu zipi, kwa ajili gani. Nani anamiliki jengo au kifaa baada ya makabidhiano. Nani analipia matengenezo na kwa miaka mingapi. Ripoti zije lini na ziwe na urefu gani. Fedha zikibaki zirudi au zitumike vipi. Nani anaruhusiwa kuvunja, na kwa taarifa ya siku ngapi. Ongeza kifungu cha picha: hakuna sura ya mtoto wala mgonjwa itakayochapishwa bila ridhaa iliyoandikwa, na kukataa kupigwa picha hakumnyimi mtu msaada.

Kifungu cha matengenezo ndicho kitakachowapa shida mezani. Kijadilini mpaka kieleweke. Makadirio yaliyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 2000 katika nchi 20 za Afrika yalionyesha kwamba karibu pampu moja ya mkono kati ya tatu ilikuwa haifanyi kazi. Pampu hizo nyingi zilikuwa na sherehe ya uzinduzi. Chache zilikuwa na fungu la kununulia mpira wa valvu.

Hatua ya 8: Washirikisheni wafanyakazi, bila kuwakamua

Njia nyepesi ni mchango linganifu: mfanyakazi akitoa kwa taasisi anayoipenda, kampuni inaongeza kiasi kilekile. General Electric iliianzisha mwaka 1954 na imeenea duniani. Wekeni kikomo cha mwaka kwa kila mtu, na fomu isiyozidi dakika tano, vinginevyo hakuna atakayeijaza.

Siku za kujitolea ni jambo la kuangaliwa. Kuna shule ambazo ukuta uleule hupakwa rangi kila mwaka na kampuni tofauti, huku walimu wakiacha vipindi ili kuwapokea wageni wenye fulana mpya. Uliza gharama ya siku hiyo, nauli na chakula na mabango, kisha ulinganishe na mshahara wa fundi rangi. Kama bado mnataka kwenda, nendeni, lakini iteni siku ya wafanyakazi na muilipie kwenye bajeti ya wafanyakazi. Kujitolea kwenye thamani ni kule kwa ujuzi: mwanasheria anayekaa saa tatu kila mwezi na asasi ileile kwa mwaka mzima. Na kukatwa mshahara "kwa hiari" baada ya bosi kusimama mlangoni na orodha si hiari.

Hatua ya 9: Maafa yakitokea, tulieni siku moja

Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988, dunia ilituma takriban tani 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Watu 50 walifanya kazi miezi sita kuvichambua tu. Nyingine zilikuwa zimeisha muda, nyingine zimeharibiwa na baridi, na kati ya zilizobaki ni karibu theluthi tu zilizotambulika kwa urahisi, kwa kuwa nyingine zilikuwa na majina na lugha zisizosomeka pale. Ni kwa sababu ya visa kama hivyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1996 mwongozo wa misaada ya dawa, wenye kanuni kama hii: dawa inapofika iwe imebakiwa na muda wa matumizi usiopungua mwaka mmoja.

Hekima ni kuchagua shirika la kushirikiana nalo wakati wa amani, kuandika makubaliano, na kuweka fungu la dharura tayari. Siku ya maafa kazi inakuwa ni kutuma fedha na kupiga simu moja kuuliza kama kuna ujuzi wenu unaohitajika. Na wekeni akiba nusu ya fungu hilo kwa mwezi wa sita, kamera zikiwa zimeondoka.

Hatua ya 10: Pimeni kilichobadilika

Ukisikia kampuni "imewafikia" watu nusu milioni, uliza wamefikiwa na nini. Mara nyingi ni tangazo la redio.

Idadi ya viatu vilivyogawiwa ni hesabu ya mlichotoa. Kilichobadilika ni jambo jingine, na kulijua kunahitaji ujasiri. Kampuni ya viatu ya TOMS, iliyoanzishwa 2006 kwa ahadi ya kutoa jozi moja kwa kila jozi iliyouzwa, iliwaruhusu watafiti wakiongozwa na Bruce Wydick wapime matokeo vijijini El Salvador. Watoto wengi walivipenda viatu na kuvivaa. Lakini watafiti hawakuona mabadiliko ya maana katika afya ya miguu, na watoto waliopewa walielekea zaidi kusema kwamba watu wengine ndio wenye wajibu wa kukidhi mahitaji ya familia zao. Baadaye kampuni iliachana na jozi kwa jozi, ikahamia kutoa theluthi ya faida kwa asasi za wenyeji. Mimi huwasifu kwa kukubali kupimwa na majibu kuchapishwa. Kampuni nyingi zingeyafungia kabatini.

Chagueni vipimo viwili au vitatu tu, na muanze kupima kabla ya kutoa. Bila hali ya mwanzo hamna cha kulinganisha. Mrudi baada ya mwaka, bila taarifa, na mtu asiyekuwa sehemu ya mpango. Chandarua kiko juu ya kitanda au juu ya bustani ya mboga?

Hatua ya 11: Pangeni kuondoka siku mnayofika

Kuna njia mbili za kumaliza. Moja ni kalenda: miaka mitatu, tumeondoka. Nyingine ni hali: tutaondoka jambo fulani litakapokuwa limetimia. Ahadi ya Merck ilikuwa ya aina ya pili, na ndiyo maana iliweza kufika mwisho wake katika nchi moja baada ya nyingine. Colombia ilithibitishwa kuwa imeondoa usubi mwaka 2013, ikifuatiwa na Ecuador 2014, Mexico 2015 na Guatemala 2016. Niger ikawa ya kwanza Afrika, Januari 2025. Hiyo ni miaka 37 tangu ahadi.

Kampuni chache zina uwezo wa kuahidi hivyo, na kalenda si dhambi, mradi isemwe tangu mkutano wa kwanza na irudiwe kila mwaka. Punguzeni fedha kwa ngazi, kwa mfano zote, kisha theluthi mbili, kisha theluthi moja, huku mpokeaji akitafuta vyanzo vingine, na msaidieni kutafuta: barua ya mapendekezo kutoka kwenu ina uzito kuliko mnavyodhani. Miezi sita kabla ya mwisho, acheni kufanya kazi yoyote ambayo mwenyeji atalazimika kuifanya baadaye, na mkae karibu mtazame anavyoifanya.

Siku ya mwisho kabidhini funguo zote, michoro ya mabomba na nyaya, orodha ya vipuri na mahali vinapouzwa, salio la akaunti ya matengenezo, nakala za mikataba na wazabuni, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye namba ya fundi anayepokea simu usiku.